Neno Alilolikataa Mama Farida

Neno lenyewe nililitoa mimi. Sikulitoa kwa ubaya. Nililitoa kwa uvivu, nikiwa ofisini shuleni nasahihisha mitihani ya kidato cha tatu, kalamu nyekundu mkononi, simu nimeibana begani. Aliyepiga alikuwa Muksini, mwenye duka la simu pale Katesh mjini, mdogo wake mama mwenye nyumba ninayopanga.

"Mwalimu Vicent, gari likiibwa, Kiingereza chake ni nini? Haraka. Nataka kuweka tangazo kwenye grupu la wafanyabiashara, lionekane lina uzito."

"Andika *carjacking*," nikamwambia, nikaandika alama ya mwanafunzi aliyekuwa mbele yangu.

Alikata simu kabla sijauliza gari la nani. Dakika chache baadaye tangazo likanifikia na mimi kwenye grupu hilo, na ndipo nikaona picha: Kanta nyeupe, lori dogo lenye turubai la bluu, na maandishi ya rangi nyekundu kwenye bampa la mbele. Nilikuwa naiona kila siku, maana inalala nje ya dirisha langu. Ilikuwa ya dada yake.

Jina lake ni Raya Shabani, lakini Katesh nzima tunamwita Mama Farida, kwa jina la binti yake aliye muuguzi Haydom. Baba yake alitoka Kondoa akaja kuuza nguo minadani, akabaki. Mumewe, Hatibu, alikuwa dereva wa hiyo Kanta mpaka siku alipoangukiwa na magogo akavunjika nyonga. Watu walisubiri gari liuzwe. Badala yake Mama Farida, akiwa na miaka thelathini na nane na hajawahi hata kuendesha baiskeli, alipanda upande wa usukani. Hatibu alikaa kando yake na fimbo ya kutembelea, na kila mkewe alipoachia klachi vibaya alimgonga goti. Walijifunzia kwenye uwanja wa mnada siku ambazo hakuna mnada. Watoto walijipanga pembeni kucheka. Baada ya miezi kadhaa akapata leseni, na tangu hapo hakushuka tena. Hatibu alifariki miaka sita iliyopita. Sasa mama ana hamsini na mbili, na kila msimu wa vitunguu saumu yuko Bashay akipakia magunia kuyaleta Katesh.

Si mtu wa maneno laini. Nilipohamia kwake kutoka Karagwe, usiku wa kwanza aliniletea blanketi zito bila kuniuliza, akasema baridi ya huku si ya kwetu. Wiki ya pili akazikuta suruali zangu kwenye kamba yake ya kuanikia siku ya Ijumaa, siku yake ya kufua, akazikunja zikiwa mbichi na kuziweka mlangoni kwangu. Ndivyo alivyo. Anakujali, na anakuonyesha mpaka uko wapi.

Kwa madereva wanaume alikuwa mtihani wa miaka kumi na minne. Walimngoja akosee. Apindue gari, agonge ng'ombe, aishiwe mafuta katikati ya pori. Hakufanya hata kimoja. Kwa hiyo elewa mwenyewe kilichomtokea kijijini Nangwa kilikuwa na uzito gani kwake.

Ilikuwa Alhamisi mchana, mwezi wa tisa. Stata ya Kanta ilikuwa imekufa tangu Jumatatu, na fundi wa Babati alikuwa bado hajapata nyingine. Gari likizimwa, lilihitaji watu wanne wa kulisukuma ndipo liwake. Kwa hiyo siku zile Mama Farida alikuwa halizimi. Kila aliposimama alivuta handbreki, akaweka jiwe kwenye tairi, akaliacha linanguruma.

Alipofika Nangwa, akiwa karibu kabisa na nyumbani, alikumbuka kwamba Bibi Efrazia amefiwa na mzee wake wiki iliyopita na yeye hajaenda kumpa pole. Nyumba ya bibi iko hatua chache kutoka barabarani. Akashuka, akaweka jiwe, akaingia.

"Sikutaka kukaa," aliniambia baadaye. "Lakini mfiwa akishakumiminia chai, utaiachaje?"

Alikuwa amefika nusu kikombe aliposikia mngurumo umebadilika. Dereva hulijua gari lake kwa sikio. Alitoka mbio na kikombe mkononi, akaona mgongo wa turubai la bluu ukiondoka na vumbi kuelekea njia ya Gitting. Alikimbia mpaka pumzi zikamwishia. Kisha akampigia Muksini: "Gari imechukuliwa hapa Nangwa, inaelekea Gitting." Hakupata kusema zaidi. Simu yake ilikuwa na chaji kidogo, ikazima.

Hayo tu ndiyo Muksini aliyoyajua alipoweka tangazo lake na neno langu juu kabisa, kwa herufi kubwa.

Mimi nafundisha Kiingereza, na nimewahi kuwaambia wanafunzi kwamba neno la kigeni haliji peke yake. Siku ile nilijionea. Neno lile lilikuja na filamu yake. Watu kwenye grupu walikuwa wameliona kwenye simu, kwenye zile sinema ambazo mtu anaburutwa kutoka kwenye kiti akiwa amewekewa bunduki kichwani, na kila mmoja akajaza mwenyewe kilichokosekana. "Walikuwa wangapi?" akauliza mmoja. "Nasikia wana mapanga," akajibu mwingine ambaye hakuwa amesikia chochote. "Mama amekatwa mkono." Saa kumi alasiri mpishi wa shule alinijia macho yamemtoka, akaniambia mama mwenye nyumba wangu ameuawa.

Niliacha mitihani mezani nikakimbia.

Kumbe wakati huo gari lilikuwa limeshapatikana. Aliyelichukua aliitwa Joakimu, mwanaume wa miaka thelathini na kitu, mgeni, aliyekuwa akizunguka kutafuta vibarua vya mavuno. Alilitoa jiwe kwenye tairi akaondoka na gari vizuri tu, ila kwenye kilima cha Gitting akakosea gia, gari likazima. Akawasha, kimya. Akawasha tena, kimya. Akashuka akawaomba watu waliokuwa wakitoka shambani wamsukume.

Walikuja kusukuma. Mama mmoja akalitazama lile bampa lenye maandishi mekundu.

"Hii si gari ya Mama Farida? Mwenyewe yuko wapi?"

"Kanituma," Joakimu akasema.

"Mama Farida hatumi mtu gari yake."

Alijaribu kukimbia, wakamkamata. Wapo waliotaka kummaliza palepale, lakini mwenyekiti wa kitongoji akamfungia ndani ya ofisi, akasimama mlangoni mwenyewe mpaka polisi walipofika. Walipolikagua gari, chini ya kiti cha dereva walikuta panga.

Ukiweka pamoja neno lile na panga lile, kesi ilikuwa imejiandika.

Jioni Mama Farida alirudi nyumbani kutoka Gitting kwa bodaboda, gari likiwa limebaki mikononi mwa polisi, mwekundu kwa vumbi kuanzia kwenye mtandio mpaka kwenye viatu. Uani kulikuwa na watu wengi, na wote walimtazama mikono.

"Mbona mnaniangalia hivyo?" akauliza. "Nipeni maji."

Watu walipopungua, tulibaki yeye, Muksini, wafanyabiashara wawili wa mjini na mimi. Kesho yake asubuhi mama alitakiwa kituoni kuandikisha maelezo. Muksini alikuwa ameshatangulia, ametoa taarifa ya awali kama alivyoiamini: kwamba dada yake amenyang'anywa gari kwa panga.

"Panga lipi?" mama akauliza.

"Lililokutwa ndani."

"Lile ni la kwangu. La kukatia matawi ya kuweka chini ya tairi nikikwama. Wewe mwenyewe ulinipa."

Mmoja wa wafanyabiashara, mtu mzima mwenye duka la pembejeo, akasema taratibu, "Mama Farida, tusikilize. Mwaka jana vijana wetu wawili wa bodaboda waliporwa pikipiki, mmoja hatembei mpaka leo. Waliofanya hawajapatikana. Huyu amepatikana. Ukisema alikutishia, ni unyang'anyi wa kutumia silaha, ni miaka thelathini. Na wengine watasikia huko waliko, watatuogopa."

Sitaki nimdharau yule mzee. Yule kijana asiyetembea nimemwona, namjua. Hoja yake haikuwa ya kijinga.

Muksini akaongeza lake, na hili ndilo lililokuwa chungu zaidi. "Halafu dada, fikiria heshima yako. Ukienda kusema uliacha gari inanguruma barabarani ukaingia kunywa chai, madereva watasema nini? Miaka kumi na minne wanakungoja. Ukisema ulinyang'anywa, hakuna wa kukucheka. Nani anaweza kushindana na panga?"

Mama Farida alikunywa maji yake yote, akaiweka bilauri chini. Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa nimekaa kwenye ndoo nikijifanya sipo.

"Mwalimu. Lile neno lililo kwenye simu, lile refu. Umelitoa wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Maana yake nini?"

Nilitaka kujibu upesi, nikashindwa. Ni aibu kwa mwalimu kukiri, lakini nilikuwa nimelisema neno hilo mara nyingi bila kulitazama usoni. Niliingia chumbani nikatoa kamusi, nikalisoma mara mbili, nikarudi.

"Ni kuchukua gari kutoka kwa dereva wake kwa nguvu au kwa vitisho, mama. Limeunganishwa kutoka kwenye neno la gari na lile jingine la kuteka, wanalotumia ndege ikitekwa."

"Kwa hiyo lazima dereva awe ndani?"

"Awe ndani au awe karibu na gari lake. Lakini lazima awepo, na atishwe au alazimishwe. Ndicho kinacholifanya liwe neno hilo."

"Mimi nilikuwa kwa Bibi Efrazia nakunywa chai."

"Basi siyo, mama."

"Siyo kabisa?"

"Siyo. Ni wizi. Kiingereza chake ni *theft*, neno fupi tu. Hata gari likichukuliwa limeegeshwa na hakuna mtu, ni hilohilo."

"Na mtu akilichukua kwenda kutembea nalo tu, kisha alirudishe?"

"Hilo nalo lina neno lake, mama. Si hili."

Akatikisa kichwa polepole. "Wazungu wana maneno mengi ya kuchukua gari la mtu. Wewe ukachagua kubwa kuliko yote."

"Nisamehe, mama."

"Kukusamehe ni rahisi. Kesho saa mbili tunaenda wote. Neno ulilitoa wewe, ukalirudishe."

Nikasema nina vipindi asubuhi. Akaniuliza vipindi vya nini. Nikasema vya Kiingereza. Alinitazama tu, na nikampigia mkuu wa shule kuomba ruhusa.

Sikulala vizuri. Mimi ni mtumishi wa serikali, mgeni wa mkoa, na nilijiona nikitajwa kama mtu aliyemtetea mwizi. Lakini saa mbili kasoro alikuwa ameshakaa kwenye jiwe la mlangoni, amevaa koti la marehemu Hatibu na mtandio uliopigwa pasi, ananisubiri. "Shikamoo, mama," nikasema. "Marahaba. Twende."

Kituoni askari aliyepewa jalada alikuwa mstaarabu. Alituwekea viti, akachukua karatasi. Muksini alikuja nyuma yetu akasimama karibu na mlango.

"Mama, eleza tangu mwanzo."

Alieleza. Stata, jiwe, msiba, chai. Hakuruka kitu. Alipofika kwenye ile sehemu ya kuliacha gari linanguruma, nilimwona Muksini akiinamisha kichwa. Mama hakushusha sauti. Kama kuna lolote, aliipandisha kidogo.

"Panga je?" askari akauliza.

"La kwangu. Mpini umevunjika, nimeuviringishia mpira wa tairi. Liangalie."

"Alikutishia nalo?"

"Angenitishiaje? Hakuniona. Na mimi sikumwona uso mpaka nilipofika Gitting nikamkuta kafungiwa ofisini."

Askari akaweka kalamu chini. "Taarifa ya kwanza ilisema ni *carjacking*."

Mama Farida akanitazama. Nikasimama, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele, nikasema kwamba neno lile nilimpa Muksini mimi, kwenye simu, bila kujua kilichotokea, na kwamba si neno linalofaa tukio hili. Nilieleza maana yake. Askari alinisikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia mama.

"Unafahamu, mama, kwamba kwa maelezo haya kosa linabadilika? Silaha inatoka. Inabaki wizi. Anaweza hata kupata dhamana."

"Kosa linaitwaje ni kazi yenu," akasema. "Mimi naandikisha kilichotokea."

"Huna hasira naye?"

"Nina hasira kuliko unavyofikiri. Kaniibia gari la marehemu mume wangu. Nataka afungwe. Lakini afungwe kwa alichofanya, asifungwe kwa neno la mwalimu."

Askari aliandika, akamsomea, naye akaweka sahihi. Anaandika jina lake lote, herufi moja moja, bila kukimbilia.

Tulipotoka Muksini hakutupungia hata mkono. Alipita mbele yetu kuelekea dukani kwake. Na ilikuwa kama alivyotabiri. Kabla ya Jumamosi habari ya chai ilikuwa imefika stendi. Walimpa jina, Mama Chai. Aliporudishiwa gari, dereva mmoja alimsimamisha barabarani, akamwuliza kama anahitaji mtu wa kumshikia gari wakati anakunywa. Akamjibu, "Ndiyo, lakini siyo wewe, huwezi kilima." Wengine walicheka, na safari hii hawakumcheka yeye. Lakini nilimjua. Kwa siku kadhaa alikuwa akirudi anaegesha, anabaki ndani ya gari muda mrefu mikono ikiwa kwenye usukani, kabla ya kushuka.

Yule mzee wa pembejeo hakumsalimia kwa miezi miwili. Alikuwa na haki ya kukasirika, mama alisema, kwa sababu ya yule kijana. Mama mwenyewe alikwenda kwa kijana huyo, aliyeporwa pikipiki, akakaa naye mchana mzima. Sijui walizungumza nini. Najua kwamba baada ya hapo alikuwa akimpeleka kliniki Babati kwa Kanta kila mwezi, akimkalisha mbele.

Joakimu alifikishwa mahakamani kwa kosa la wizi. Aliposomewa shtaka, akasema ni kweli. Nilikuwepo, kwa sababu mama aliniomba nimsindikize. Hakimu aliuliza kama ana la kujitetea, akasema aliona gari linanguruma halina mtu, na akili ikamtoka; alitaka kulifikisha mbali na kuuza mzigo. Hakutaja mama mgonjwa wala mtoto mwenye njaa. Alipata miaka mitatu. Wakati anatolewa alimtazama Mama Farida, na nilifikiri atasema asante, maana wakili mmoja aliyekuwa pale alishanong'ona kwamba mtu huyu ameponea chupuchupu. Hakusema neno.

"Hata shukrani hana," nikamwambia mama tulipofika nje.

"Kwa nini anishukuru? Nimekuja kuhakikisha amefungwa."

Niliona amechoka na nilidhani ameishia hapo. Lakini aliendelea, akiwa anatafuta ufunguo kwenye mfuko wa koti. "Mwalimu, ningesema nilitishiwa, ningeishi nalo mimi, siyo yeye. Kila nikipita Nangwa ningekuwa namwona mtu mwenye panga ambaye hakuwepo. Naendesha njia ile mara tatu kwa wiki. Sitaki abiria wa namna hiyo."

Kwa Muksini ilichukua muda mrefu zaidi. Mwezi mtukufu ulipoingia alianza kumtuma mtoto wake na tende, yeye mwenyewe haji. Wiki ya tatu nikaona kwenye lile grupu ameandika, kwa Kiswahili chepesi: gari la dada yangu Raya halikunyang'anywa, liliibwa akiwa msibani, niliyoyaandika mwanzo nilikosea. Jioni hiyo alikuja kufuturu. Mama alimpakulia uji kama kawaida na wakaongea habari za bei ya mafuta.

Na mimi darasani nimebadilika kidogo. Nikifundisha msamiati sikubali mwanafunzi aseme "ni kama" au "ni hivyohivyo tu." Namuuliza nani alikuwepo, nani alimfanyia nani nini. Wananiona msumbufu.

Msimu uliofuata nilipata likizo, nikapanda Kanta nikaenda naye Bashay kuona vitunguu vinakotoka. Tulifika kwa mkulima mmoja wa Kiiraqw anaitwa Mzee Bura, mtu mfupi mwenye sauti nzito, ambaye madereva wanamwogopa kwa sababu habanduki kwenye mizani mpaka gunia la mwisho lipande. Siku hiyo alimsalimia mama, akaonyesha yalipo magunia, akarudi shambani kwake kumwagilia, akatuacha peke yetu. Nilishangaa. Alipopita tena na jembe begani nikamwamkia, nikamuuliza kama haji kusimamia.

"Nimsimamie nani?" akasema. "Huyu alimsemea kweli mwizi wake. Mimi nimemkosea nini hata anidanganye?"

Mama Farida alikuwa juu ya magunia, anakaza kamba ya turubai, na nadhani hakusikia. Aliita tu kutoka huko juu kwamba mwalimu aache maongezi aje ashike upande wa pili, upepo unaongezeka.